Sangara, dagaa na tasnifu: namna ya kutafiti utandawazi kwa shahada ya uzamili ukiwa Mwanza

Pendekezo la utafiti lenye kichwa "Athari za utandawazi katika maendeleo ya uchumi wa Tanzania" litarudishwa na msimamizi yeyote makini, na ana haki ya kulirudisha. Utandawazi kama ulivyo haupimiki. Kinachopimika ni bei ya kilo moja ya sangara mwaloni (pale mitumbwi inaposhusha samaki), nani aliyeipanga, na kiasi gani cha thamani kilibaki kisiwani Ukerewe kabla ya minofu kupanda ndege. Mwanafunzi wa uzamili aliye Mwanza ana bahati ambayo wenzake wengi hawana: dunia nzima inapita mlangoni kwake. Minofu inakwenda Ulaya, mabondo (vibofu vya hewa vya sangara) Hong Kong na China, dagaa na kayabo (sangara aliyekaushwa kwa chumvi) Kongo, pamba inatoka Usukumani na dhahabu Geita, na mitumba inashushwa Mlango Mmoja. Kazi ni kuchagua kimoja na kukishika hadi mwisho.

Mwongozo huu unafuata samaki, kwa sababu mnyororo wake unaonekana kwa macho kuanzia mtumbwi hadi kiwanda. Ukichagua pamba au mitumba, hatua ni zilezile.

Kabla ya kulipa ada

Amua kwanza kama unataka kuwa mchumi au mtu wa taaluma za maendeleo. Shahada ya uchumi itakudai hisabati, ekonometriki na programu kama Stata au R. Shahada ya taaluma za maendeleo itakudai nadharia, historia ya sera na mahojiano ya kina. Zote mbili zinaweza kuzaa tasnifu nzuri ya utandawazi, lakini anayeingia ya kwanza bila ujuzi wa kutosha wa takwimu hukwama muhula wa pili. Omba orodha ya masomo na uisome yote, maana jina la shahada halikwambii utakachosoma. Hakikisha kwamba TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, inaitambua programu yenyewe, maana kutambuliwa kwa chuo peke yake hakutoshi. Kama ni ya nje ya nchi, fahamu mapema kwamba utahitaji TCU waitathmini ukirudi.

Anayetaka ufadhili wa Chevening kusoma Uingereza awe na uzoefu wa kazi wa saa 2,800, yaani takriban miaka miwili, na awe tayari kurudi nyumbani kwa miaka miwili baada ya masomo. Shahada nyingi za Uingereza ni za miezi 12, na muda wa kukusanya data uwandani ni mfupi mno, mara nyingi wiki chache za kiangazi cha kule. Panga swali linalotosha ndani ya wiki hizo.

Swali

Swali zuri lina bidhaa moja, watu wa aina moja au mbili, uhusiano mmoja, na mahali panapotajika. Kwa mfano: *Je, wamiliki wa mitumbwi waliokopeshwa injini au nyavu na mawakala wa viwanda hulipwa bei ndogo kwa kilo ya sangara kuliko wasio na deni, katika mialo ya Ilemela na Ukerewe?* Hilo linapimika. Pia lina mzizi katika nadharia. Mwaka 2005 Gary Gereffi na wenzake wawili, Humphrey na Sturgeon, waligawa minyororo ya thamani ya dunia katika aina tano za utawala, kuanzia soko huria hadi kampuni moja kumiliki kila hatua. Karibu na mwisho ule wa pili kuna aina ambayo mzalishaji mdogo amefungwa na mnunuzi wake. Tajiri wa mtumbwi anayepewa injini kwa sharti la kuuza samaki wake wote kwa wakala yuleyule anaelekea kuwa katika aina hiyo. Utafiti wako ndio utakaosema kama kweli yumo.

Usijaze sura ya pili na kila nadharia uliyofundishwa darasani. Prebisch na Singer walioonyesha mwaka 1950 kwamba bei za malighafi huelekea kushuka zikilinganishwa na za bidhaa za viwandani wanafaa kwa tasnifu ya pamba. Kwa sangara wanahitaji uangalifu, kwa sababu minofu inatoka ikiwa imeshachakatwa hapahapa. Nadharia usiyoitumia tena katika sura ya nne, iondoe.

Historia iwe fupi na ya kweli. Sangara si samaki wa asili wa Ziwa Victoria. Aliingizwa miaka ya 1950 na 1960, akaongezeka kwa kasi miaka ya 1980, na aina nyingi za furu, samaki wadogo wa asili wa ziwa hili, zikapungua au kutoweka. Kulegezwa kwa masharti ya biashara baada ya mageuzi ya uchumi ya mwaka 1986 kulifungua njia kwa viwanda vya minofu vilivyoota Mwanza miaka ya 1990. Kisha soko la Ulaya likafunga mlango: kati ya 1997 na 1998 kwa hofu ya kipindupindu, na mwaka 1999 kwa hofu ya samaki wanaovuliwa kwa sumu. Vipindi hivyo viwili ni dhahabu kwa mtafiti, kwa sababu vinaonyesha uamuzi uliofanyika Brussels, makao ya Umoja wa Ulaya, ukifika kwenye mwalo wa kisiwani ndani ya siku chache. Kama wazee wa mwaloni wapo, waulize nani alibeba hasara.

Takwimu za mezani kabla ya kupanda boti

Fungua UN Comtrade, hifadhidata ya biashara ya Umoja wa Mataifa ambayo ni bure kwa matumizi ya kawaida, na utafute kwa namba za forodha za HS, yaani mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa. Minofu mibichi ya sangara ni 030433, na iliyogandishwa ni 030463. Mabondo yamo ndani ya 030572, lakini humo yamechanganywa na vichwa na mikia ya samaki wa kila aina, wa ziwani na wa baharini, kwa hiyo usiandike kwamba namba hiyo yote ni mabondo ya Ziwa Victoria. Namba za sangara zilitengwa katika toleo la HS la mwaka 2012. Ukiona mfululizo wako "unaanza" ghafla mwaka huo, biashara haikuanza hapo. Kilichobadilika ni daftari. Kwa data ya kila mwezi upande wa Ulaya tumia Comext ya Eurostat.

Linganisha pande mbili: Tanzania inasema iliuza kiasi gani Uholanzi, na Uholanzi inasema ilinunua kiasi gani kutoka Tanzania. Hazitalingana. Muuzaji huandika bei ya FOB, yaani kabla ya usafiri wa kimataifa, na mnunuzi huandika CIF, yaani pamoja na nauli na bima. Wengi huchukua asilimia 10 kama tofauti ya kawaida na kuendelea. Kwa minofu mibichi inayosafiri kwa ndege kiwango hicho hakifai, kwa sababu nauli ya anga ni kubwa mno kulinganisha na ya meli. Kuna jambo jingine: mzigo ukishushwa Uholanzi au Ubelgiji unaweza kuuzwa tena nchi nyingine, kwa hiyo nchi iliyoandikwa kwenye daftari si lazima iwe nchi ya mlaji. Na samaki mbichi anayevushwa ziwani na kuchakatwa Kenya au Uganda anaweza kuhesabiwa ni wa huko.

Dagaa ni hadithi tofauti. Biashara yake kwenda Kongo, Rwanda na Burundi hupita sana mikononi mwa wafanyabiashara wadogo, na sehemu yake haionekani kwenye daftari lolote la kimataifa. Hapo hakuna njia ya mkato. Nenda Mwaloni Kirumba ukahesabu magunia.

Hesabu inayoharibu tasnifu nyingi

Karibu kila tasnifu ya mnyororo wa thamani ina jedwali la "mgao wa mvuvi", na mara nyingi jedwali hilo limekosewa. Chukua mfano huu, ambao tarakimu zake ni za kufundishia tu. Mwaloni kilo ya sangara mzima ni shilingi 7,000. Kiwanda kinauza kilo ya minofu shilingi 25,000 FOB. Mwanafunzi anagawa 7,000 kwa 25,000 na kuandika kwamba mvuvi anapata asilimia 28.

Amelinganisha samaki mzima na minofu. Kilo moja ya minofu haitoki kwenye kilo moja ya samaki. Tuseme kiwanda kinahitaji kilo 2.5 za samaki mzima kupata kilo 1 ya minofu. Gharama ya samaki ndani ya kilo hiyo ya minofu ni 2.5 × 7,000, yaani 17,500, na sehemu ya mwaloni ni 17,500 ÷ 25,000, sawa na asilimia 70. Tofauti kati ya 28 na 70 inageuza hitimisho lote la tasnifu.

Usiishie hapo, kwa maana 70 nayo haijakamilika. Kiwanda hakitupi kilo 1.5 iliyobaki: mabondo hukaushwa na kuuzwa Asia kwa bei iliyo juu sana kuliko ya minofu kwa kilo, na mapanki (vichwa na mifupa iliyobaki) huuzwa kwa wakaangaji au kwa watengenezaji wa chakula cha mifugo. Mapato hayo yaongeze upande wa kiwanda, na asilimia ya mwaloni itashuka. Kisha igawe 17,500 yenyewe. Ndani yake kuna faida ya wakala, barafu, boti ya kukusanya, mafuta ya injini, nyavu, sehemu ya tajiri, na mwisho kabisa mgao wa vijana walioingia majini usiku. "Mvuvi" si mtu mmoja. Ukimweka tajiri mwenye mitumbwi sita na kijana wake kwenye safu moja ya jedwali, umeficha jambo ambalo shahada yako ipo ili kulifichua.

Uwiano wa samaki na minofu upate kiwandani, na uulize kwa kila saizi ya samaki, kwa sababu hutofautiana. Bei nayo hupangwa kwa saizi, kwa hiyo kila bei utakayoandika iwe na uzito wa samaki pembeni.

Vibali

Ukiwa Mtanzania uliyesajiliwa chuo cha hapa nchini, chuo chako hutoa barua ya kibali cha utafiti kwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa. Kutoka hapo barua inashuka: Katibu Tawala wa Wilaya, Mkurugenzi wa Halmashauri, Mtendaji wa Kata, Mtendaji wa Kijiji au Mtaa, na hatimaye uongozi wa BMU, yaani kikundi cha jamii kinachosimamia uvuvi mwaloni. Mgeni, au Mtanzania anayesoma nje, aanze na COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia. Tenga wiki nne hadi sita. Tengeneza nakala kumi za kila barua na uombe mhuri kila ofisi unayopita, kwa sababu ofisi inayofuata itatazama mhuri kabla ya kusoma barua. Ukiruka ngazi moja, utarudishwa kutoka kisiwani, na nauli ya boti imekwenda.

Viwanda ni jambo jingine. Barua ya serikali haikulazimishii mlango wa kampuni binafsi. Andika barua ya ukurasa mmoja, taja data tatu tu unazohitaji, na eleza kwamba jina la kiwanda halitaonekana. Omba uwiano wa uchakataji na mfumo wa bei. Usiombe vitabu vya hesabu.

Kalenda ya ziwa

Wanafunzi hupanga kazi ya uwanda kwa kalenda ya chuo. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, taa zikivuta samaki juu. Mbalamwezi ikikolea uvuvi husimama, na kambi nyingi za visiwani hupungua watu kwa wiki moja au zaidi. Ukitaka kupima mavuno na bei, nenda wakati wa giza. Ukitaka mahojiano marefu na vijana wa mitumbwi, nenda mwezi ukiwa mkubwa, ukiwakuta waliobaki wakishona nyavu. Kuna wanaokwenda mara moja, wakati wa mbalamwezi, halafu wanaandika kwamba mapato ni duni. Wamepima likizo.

Asubuhi ya kupima, fika mwaloni kabla ya jua kuchomoza, maana saa mbili biashara kubwa imeshaisha. Beba mizani yako ya kuning'iniza ya kilo 50. Dagaa wabichi huuzwa kwa ndoo au beseni, na wakavu kwa gunia, na gunia la lumbesa, yaani lililojazwa kupita kipimo, si gunia la kawaida. Pima ndoo zisizopungua kumi katika kila mwalo, andika wastani na tofauti yake, ndipo ubadilishe bei kuwa shilingi kwa kilo. Vaa gambuti ukishuka majini, kwa sababu kichocho kipo, na jaketi okozi ni lako wewe, hata kama nahodha hana.

Sampuli

Fomula ya Yamane ndiyo inayopendwa vyuoni: n = N ÷ (1 + Ne²), ambapo n ni sampuli, N ni idadi ya watu wote na e ni kosa unalokubali. Kama orodha za BMU zina wamiliki 1,200 na kosa unalokubali ni 0.05, unapata 1,200 ÷ 4, yaani 300. Hesabu hiyo ni sahihi kama unachagua mtu mmojammoja kwa bahati nasibu kutoka ziwa zima. Lakini hufanyi hivyo. Unachagua mialo kwanza, na watu wa mwalo mmoja hufanana: wakala mmoja, bei moja, deni la aina moja. Kadiri wanavyofanana ndivyo kila mtu wa ziada anavyokupa habari kidogo.

Ili kujua sampuli yako ina uzito wa watu wangapi, igawe kwa 1 + (m − 1) × ρ, ambapo m ni idadi ya watu kwa kila mwalo na ρ ni kiwango cha kufanana. Tuseme ρ ni 0.05. Mialo 3 yenye watu 100 kila mmoja inatoa 1 + 99 × 0.05 = 5.95, na watu wako 300 wana uzito wa watu 50 tu. Mialo 15 yenye watu 20 kila mmoja inatoa 1.95, na uzito unapanda hadi karibu 154. Watu ni walewale 300. Kama nauli haitoshi kufika mialo 15, fika 10 na upunguze watu, badala ya kujikusanyia 300 Igombe na Kayenze peke yake.

Orodha ya BMU ihakiki kwa kuhesabu mitumbwi iliyopo mwaloni. Wavuvi huhama wakifuata samaki, na jina lililo kwenye daftari la hapa huenda mwenyewe yuko Kagera au Mara.

Kuuliza

Usimuulize mtu "Utandawazi umekuathiri vipi?" Atakupa jibu la redioni. Uliza: Mara ya mwisho uliuza lini? Kilo ngapi? Nani alinunua? Bei alitaja nani, na lini, kabla ya kuvua au baada? Injini hii ulipataje? Ukimpelekea samaki mtu mwingine kesho, nini kitatokea? Swali hilo la mwisho pekee linakupa zaidi ya kurasa tatu za dodoso.

Andika dodoso kwa Kiswahili tangu mwanzo, halafu lijaribu kwa watu kumi katika mwalo ambao haumo kwenye sampuli. Visiwani utawakuta wazee wanaojieleza vizuri zaidi kwa Kikerewe, Kijita, Kikara au Kisukuma. Mkalimani asiwe ndugu wa tajiri. Kujaza kwa simu kupitia KoboToolbox ni bora kuliko karatasi zinazolowa, na inafanya kazi bila mtandao, ila pakua fomu mpya ukiwa bado mjini na beba pawabenki mbili.

Hapa kuna mgongano ambao hauna suluhisho kamili. Bila mwenyekiti wa BMU, wavuvi watadhani wewe ni wa doria ya uvuvi haramu na hakuna atakayefungua mdomo. Mwenyekiti akikaa pembeni, kijana hatasema lolote kuhusu tajiri, na pengine tajiri ndiye mwenyekiti. Mwache akutambulishe hadharani siku ya kwanza, kisha mahojiano uyafanye siku ya pili bila yeye. Sangara chini ya sentimita 50 haruhusiwi kuvuliwa, na kokoro, wavu unaokokotwa hadi ufukweni, ni zana haramu. Utaviona vyote viwili. Usivipige picha, usiandike jina pamoja na zana, na hifadhi orodha ya majina mbali na majibu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakuhusu hata kama wewe ni mwanafunzi tu.

Ukirudi mezani

Bei za miaka tofauti zigawe kwa fahirisi ya bei ya NBS, yaani Ofisi ya Taifa ya Takwimu, kabla ya kuzilinganisha, na dola zibadilishe kwa kiwango cha Benki Kuu cha mwezi uleule, kwani wastani wa mwaka unaficha mengi. Ukikuta wenye deni wanalipwa pungufu kwa kilo, usikimbilie kuandika kwamba deni limesababisha. Huenda wanaokopa ni wale wa visiwa vya mbali ambako kila mtu hulipwa kidogo kwa sababu ya gharama ya boti na barafu. Weka umbali, saizi ya samaki na msimu ndani ya modeli yako ya takwimu, na linganisha wenye deni na wasio na deni ndani ya mwalo uleule. Tofauti ikibaki, una jambo la kusema. Ikitoweka, pia una jambo la kusema, na liandike bila aibu. Pengine pengo la bei limo kwenye barafu kuliko kwenye mkopo, na hilo linabadilisha kabisa ushauri wa kuwapa Halmashauri.

Tasnifu ikishapita, toa muhtasari wa ukurasa mmoja kwa Kiswahili, herufi kubwa, ukiwa na wastani wa bei kwa kilo katika mialo yote uliyopima bila jina la mtu yeyote. Nakala moja mpe Katibu Tawala, moja Halmashauri, na moja ibandike kwenye ofisi ya kila BMU iliyokupokea. Ipeleke wakati wa mbalamwezi, vijana wakiwa nchi kavu.